Roboti ya Kuzamia Majini: Jinsi Inavyotengenezwa kwa Mikono

Wavu unaponasa mwambani, au nanga inapokatika kamba na kubaki chini, njia inayojulikana katika vyama vingi vya wavuvi ni moja: mtu hujitoa miongoni mwa wenzake, akavuta pumzi, akazama. Aghalabu hurudi na habari. Mara nyingine hurudi bila habari, na zipo siku ambazo harudi. Kwa miaka mingi chombo cha kwenda kutazama chini ya maji badala ya mtu kilikuwa mali ya majeshi na makampuni ya mafuta peke yake. Leo chombo cha namna hiyo, kidogo na chenye nguvu haba lakini kinachofanya kazi, hutengenezwa nyumbani na wanafunzi wa shule kwa mabomba ya plastiki, mota ndogo na betri. Ni kazi ya mapumziko, haina faida ya fedha, lakini ndani yake mna mafunzo ambayo vijana wa vyama wanaweza kuyapata kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Chombo hiki huitwa roboti, ingawa kwa hakika hakijiamulii neno lolote. Hufanya lile tu analoliamuru mtu aliyeketi nchi kavu au ndani ya mashua, na amri hiyo hupitia katika waya. Waya hauepukiki. Mawimbi ya redio, yanayopita hewani bila taabu, hufifia mara yaingiapo majini, na katika maji ya chumvi hufifia upesi zaidi. Kwa hiyo chombo hufungwa waya kama mbuzi afungwavyo kamba, na urefu wa waya ndio mpaka wa safari zake.

Asili yake

Dimitri Rebikoff wa Ufaransa alitengeneza chombo cha aina hii mwaka 1953. Jeshi la Wanamaji la Marekani likaiendeleza fikra hiyo kwa chombo kilichoitwa CURV. Mwezi wa Januari 1966 ndege mbili za kijeshi za Marekani ziligongana angani karibu na kijiji cha Palomares, Hispania, na bomu moja la haidrojeni likaangukia baharini. Aprili 7 mwaka huo chombo cha CURV kilikwenda chini, mita 800 na zaidi, kikanaswa katika mwavuli wa bomu lenyewe, na mafundi wakavivuta vyote viwili juu kwa pamoja.

Lakini tukio lililowaonyesha watu thamani ya vyombo hivi lilikuwa la mwaka 1973. Waingereza wawili, Roger Chapman na Roger Mallinson, walikuwa ndani ya nyambizi ndogo iitwayo Pisces III, wakifukia waya wa simu chini ya Bahari ya Atlantiki, kusini magharibi ya Ireland. Siku ya Agosti 29, walipokuwa wakivutwa juu, kifuniko cha nyuma kilifunguka, maji yakaingia katika sehemu ya mitambo, na nyambizi ikazama hadi kina cha mita 480. Walikaa humo zaidi ya siku tatu, wakilala kimya ili hewa isiishe mapema. Nyambizi nyingine ilifanikiwa kufunga kamba ya kwanza, na chombo kisicho na mtu, CURV-III, kikafunga ya pili. Septemba 1 walitolewa wakiwa hai. Inaelezwa kuwa hewa iliyobaki ilikuwa ya dakika 12.

Ni kweli kwamba roboti ya mabomba ya plastiki haitafika mita 480. Ikifika mita 10 hadi 15 imefanya vyema. Hata hivyo kanuni zinazoiongoza ni zilezile.

Kiunzi

Mfano unaofuatwa na wengi ulitoka katika kitabu cha Harry Bohm na Vickie Jensen kilichochapishwa Canada mwaka 1997, kikieleza namna ya kujitengenezea roboti ya majini. Mwaka 2003 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, waliurahisisha mfano mmoja wa kitabu hicho kwa ajili ya shule, nao hujulikana kwa jina la SeaPerch. Kiunzi chake ni mabomba ya plastiki ya nusu inchi, yaleyale yanayotumika kupitishia maji nyumbani, yakiungwa kwa viwiko na viungo vya njia tatu mpaka yakafanya umbo la sanduku lisilo na kuta, refu kiasi cha mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole.

Mabomba hayo hayazibwi. Hutobolewa matundu kwa keekee, chini na juu, ili maji yaingie na hewa itoke. Fundi asiyefahamu sababu hufanya kinyume, akayaziba barabara kwa kudhani ameokoa chombo, kumbe amekitia hewa iliyofungwa, ambayo huvuja taratibu na kukifanya chombo kibadilishe uzito wake kikiwa safarini. Kitu kilichojaa maji toka mwanzo hakina tena la kuvuja.

Hapa ndipo mgandamizo wa maji unapopaswa kueleweka. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kikopo chenye kifuniko cha sentimita 20 kwa 10, kikiwa na hewa ya kawaida ndani, kikishushwa mita 10 hubebeshwa juu ya kifuniko hicho mzigo wa kilo 200 hivi, yaani magunia mawili ya kilo mia mia. Ndiyo maana watengenezaji wenye busara hupunguza kila mahali penye hewa ndani ya chombo, na pale pasipowezekana huweka bomba la duara badala ya sanduku, kwa kuwa duara huugawa mzigo sawasawa pande zote.

Mota na rafadha

Mota tatu ndogo za volti 12 zatosha. Mbili huwekwa nyuma, kushoto na kulia, zikielekea mbele. Ya tatu husimamishwa katikati ili kukishusha na kukipandisha chombo. Usukani hauhitajiki. Mota ya kulia ikizunguka peke yake chombo hugeukia kushoto, kama mtumbwi upigwao kasia upande mmoja. Zikizunguka kinyume, moja mbele na moja nyuma, chombo hugeuka papo hapo.

Shida ni kuzuia maji yasiingie katika mota. Njia ya SeaPerch ni rahisi na ya ajabu kidogo. Mota huvungwa tepu ya umeme kuziba matundu yake, ikatiwa ndani ya kikopo cha filamu za kamera, kisha kikopo hujazwa nta iliyoyeyushwa. (Vikopo vya filamu vimekuwa adimu siku hizi, kikopo cha vidonge chenye ukubwa huohuo hufaa.) Nta ikiganda hakuna nafasi ya hewa, na pasipo hewa mgandamizo hauna cha kuponda. Mhimili hupita katika tundu dogo la kifuniko, likiwa limebana, na hupakwa grisi. Nta iyeyushwe kwa moto mdogo, chombo chake kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto wala si juu ya makaa, kwa sababu nta huwaka kama mafuta ya taa. Tena isimiminwe ikiwa ya moto mno, la sivyo huipenya mota na kuikwamisha.

Njia ya pili, inayowafaa zaidi wenye mashua, ni kutumia mota za pampu ndogo za umeme za kutolea maji ya ngama. Pampu hizo zimetengenezwa toka kiwandani kukaa majini. Fundi huondoa ganda la nje na panga la pampu, akafunga rafadha ndogo kwenye mhimili. Ni ghali zaidi kuliko mota ya nta, lakini hudumu misimu mingi, ilhali ile ya nta aghalabu hufa ya kwanza baharini.

Boya na farumi

Mwenye kujua kupakia jahazi hatapata taabu katika sehemu hii. Chombo hakitakiwi kuelea kabisa wala kuzama kabisa. Chatakiwa kisimame ndani ya maji pale kilipoachwa, au kipande juu polepole sana. Hali hiyo ya kupanda polepole ndiyo bora, maana waya ukikatika au betri ikiisha, chombo hurudi chenyewe.

Hesabu yake ni hii. Chombo chenye uzito wa kilo 3, kinachochukua nafasi ya lita 2.4 majini, husukumwa juu na maji baridi kwa nguvu ya kilo 2.4. Pana upungufu wa gramu 600, kwa hiyo yahitajika boya la zaidi kidogo ya lita 0.6. Boya hufungwa juu kabisa ya kiunzi, na farumi, yaani vipande vya chuma au risasi, hufungwa chini kabisa. Vikikaribiana, chombo huyumba kama mlevi kila rafadha izungukapo.

Kisha kuna tofauti ya maji. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa kiasi cha asilimia 2.5. Chombo kilichosawazishwa ziwani kwa kilo 3, kikipelekwa baharini huinuliwa na nguvu ya ziada ya gramu 75 hivi, na mota ndogo ya kushusha yaweza kushindwa nayo. Farumi iongezwe.

Watengenezaji wengi wa ng'ambo hutumia vipande vya sponji laini ya kuchezea watoto bwawani. Sponji hiyo ina kasoro: hewa iliyomo hubanwa na maji, na chombo kikifika kina cha mita kadhaa boya lake huwa limesinyaa, kisha chombo huzidi kuzama. Maboya magumu ya nyavu, ambayo mvuvi yeyote anayo, ni bora kuliko sponji ya bwawani.

Waya na umeme

Kwa kawaida waya ni ule wa mitambo ya kompyuta wenye nyuzi nane, urefu wa mita 15. Kila mota hupewa nyuzi mbili, na mbili zinazosalia huwa akiba. Waya huo ni mwembamba na hujikunja vyema, lakini hula umeme. Kila mita ya uzi mmoja ina ukinzani wa omu 0.084. Umeme huenda mita 15 na kurudi mita 15, yaani jumla omu 2.5, na mota ikivuta ampea 2, volti 5 hupotea njiani. Betri ina volti 12, mota inapata 7, na mtengenezaji anailaumu mota. Akiweka waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, kinachopotea hakifiki volti moja, lakini waya huo ni mzito na mgumu, na chombo kitakuwa kinauburuta badala ya kwenda. Kila mmoja hutafuta mahali pa katikati. Baadhi huunganisha nyuzi mbili mbili kwa kila njia. Wengine hufupisha waya na kusogeza mashua.

Kisanduku cha amri kina swichi tatu za kugeuza mkondo, kila moja ikiwa na hali tatu: mbele, simama na nyuma. Swichi hizo hubadilisha chanya kuwa hasi, na mota ikazunguka kinyume. Kuziunga kwa lehemu ni kazi ya jioni moja kwa mtu aliyewahi kutengeneza redio.

Juu ya umeme pana jambo lisilo na mjadala. Umeme wa nyumbani wa volti 240 usikaribie maji wala chombo hiki, hata kwa kupitia kifaa cha kuchajia. Betri ichajiwe nchi kavu, mahali penye hewa, kisha ndipo ipelekwe ufukoni ikiwa imetenganishwa na chaja. Fyuzi ya ampea 10 iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa kuwa waya ukikatika na kugusana bila fyuzi, betri huuchoma mpaka ushike moto, na mashua ni ya mbao. Watoto wakiwa majini mota zisiwashwe. Rafadha ndogo haikati mkono, lakini kidole hukiumiza sawasawa.

Betri ya ampea 7 kwa saa, mota zote zikivuta ampea 6, yakadiriwa kutoa kazi ya nusu saa kabla ya kufika nusu ya akiba yake. Kuendelea zaidi ya hapo kila siku ni kuiua betri.

Kwa jicho la chombo, kamera ndogo ya kurudishia gari nyuma hutosha, pamoja na kioo chake. Hutiwa katika kikopo cha plastiki angavu kilichojazwa gundi ngumu isiyo na rangi, au katika bomba fupi lenye kioo mbele. Nuru ni jambo jingine. Katika Ghuba ya Winam, ambako maji ni ya matope, kamera yoyote haitaona mbali, na taa huzidisha ukungu kama taa za gari penye vumbi. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni maangavu, chombo hichohicho huwaona samaki walio mbali kwa mita nyingi. Chama kijue maji yake kabla ya kununua kioo.

Vijana wa Phoenix

Mfano unaotajwa sana wa kazi hii hautoki pwani, bali jangwani. Mwaka 2004 wanafunzi wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, katika mji wa Phoenix, Arizona, waliingia katika mashindano ya roboti za majini ya taasisi ya MATE, yaliyofanyika Santa Barbara, California. Walikuwa Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda, watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, wasio na hati za kuishi Marekani. Walimu wao wawili, Allan Cameron na Fredi Lajvardi, waliwaingiza katika daraja la juu, pamoja na vyuo vikuu, kwa hoja kwamba kushindwa na vyuo vikuu si aibu. Roboti yao ya mabomba ya plastiki iligharimu dola 800 hivi. Kwa sababu ya harufu ya gundi waliyotumia waliipa jina la Stinky, maana yake kinachonuka.

Walipoijaribu Santa Barbara, maji yalianza kupenya katika sanduku la mitambo, na muda wa kulitengeneza upya haukuwapo. Mmoja alitumwa dukani kununua zile pamba wanawake watumiazo wakati wa hedhi, wakazipanga ndani ya sanduku zinyonye kila tone. Chombo kikafanya kazi. Walipewa tuzo ya usanifu, tuzo ya uandishi wa kiufundi, na ushindi wa jumla. Chuo cha MIT kikawa cha pili.

Ushindi haukuwaondolea matatizo. Vazquez alimaliza shahada ya uhandisi mwaka 2009, na kwa kuwa hakuwa na hati, alirudi Meksiko kwa hiari yake kuomba ruhusa upya, akiiacha familia yake nyuma. Alikubaliwa mwaka 2010, kisha akajiunga na jeshi la Marekani.

Jambo moja katika mashindano hayo lastahili kuangaliwa na makatibu. Kila timu hutakiwa kujiendesha kama kampuni: ina mkuu wake, mshika fedha wake na taarifa ya maandishi, na hesabu za matumizi husomwa na waamuzi sawa na chombo chenyewe. Tuzo ya uandishi waliyopata vijana wa Phoenix ilitokana na karatasi.

Kugawana ujuzi

Wamarekani wengine wawili, Eric Stackpole na David Lang, walianza kutengeneza roboti ndogo ndani ya gereji huko California, wakitaka kupeleleza dimbwi la pango liitwalo Hall City, ambalo kwa masimulizi ya wenyeji lilifichwa dhahabu. Dhahabu hawakuipata. Lakini michoro ya chombo chao, kilichoitwa OpenROV, waliitoa wazi kwa yeyote atakaye, na watu wa nchi mbalimbali wakairekebisha na kuwarudishia marekebisho hayo. Mwaka 2012 walichangiwa na umma zaidi ya dola 100,000 ili kuuza vifaa vyake kwa pamoja. Wanaushirika hawatashangazwa na utaratibu huo.

Upande wa chama

Fedha za mzunguko za chama zisitumiwe kwa kazi hii. Ni mchezo wenye mafunzo, na mchezo hulipiwa na wachezaji. Njia inayofaa ni vijana kumi au kumi na watano kuchangiana, chama kikiwapa chumba, fundi mmoja mzee wa kuwasimamia na ruhusa ya kutumia mashua siku isiyo ya kazi. Risiti zote zihifadhiwe. Vifaa vinunuliwe kwa hatua: kiunzi na mota moja kwanza, vijaribiwe ndani ya pipa la maji, ndipo zinunuliwe nyingine. Kikundi kinachonunua kila kitu siku ya kwanza mara nyingi hubaki na sanduku la vifaa na deni.

Vilevile wanachama wasielezwe kwamba chombo kitafungua nyavu zilizonasa. Hakina nguvu hiyo, na kikijaribu kitanaswa humohumo, kama kile cha Palomares. Kazi yake ni kutazama: mwamba uko wapi, wavu umenasa kwa upande gani, nanga imelala vipi, chini ya mashua pana nini. Mtu akizama baada ya hapo, anazama akijua anachokifuata, wala hapotezi pumzi kwa kukitafuta. Wakati yumo majini, chombo kiwe kimetolewa na waya wake umekunjwa, kwani waya unaoelea ni mtego kwa miguu ya mzamiaji.

Baada ya kila safari ya baharini chombo chote, pamoja na waya, kisuuzwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Mihimili ipakwe grisi upya. Betri ichajiwe siku hiyohiyo, na hata isipotumika ichajiwe mara moja kwa mwezi. Daftari la safari liwe na nafasi za tarehe, mahali, kina, muda wa kazi na kilichoharibika, na litiwe sahihi na aliyekitoa chombo ghalani pamoja na aliyekirudisha.